Somo: Hatari za Safari ya Bwato, na Namna ya Kumsaidia Mtu Aliyezama

Ndugu msomaji, somo hili halihusu ugonjwa. Linahusu safari. Lakini tumelitia katika kitabu cha afya, kwa sababu maji huua watu wenye afya nzuri kabisa, watu ambao asubuhi ile walikunywa uji wao na kuvaa nguo zao za sikukuu. Malaria mara nyingi hukupa siku moja au mbili za kumtafuta mganga. Maji hukupa dakika chache tu. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2021 peke yake watu wapata 300,000 walikufa maji duniani pote, na wengi wao walikuwa watoto na vijana.

Kwanza tuangalie ni wakati gani ajali hizi hutokea. Utaona kwamba nyingi hutokea wakati wa furaha. Tarehe 26 Septemba 2002 meli iitwayo Joola ilitoka Ziguinchor, kusini mwa nchi ya Senegal, kwenda Dakar. Ndani yake walikuwamo wanafunzi wengi waliomaliza mapumziko yao na kurudi shuleni. Meli ilijengwa kwa kuchukua watu wasiotimia 600. Siku ile ilichukua karibu 1,900. Usiku upepo ukavuma, meli ikalala upande, na kwa muda wa dakika chache ikapinduka. Waliookolewa ni 64 tu. Waliokufa ni zaidi ya 1,800. Zipo familia zilizopoteza watoto wote waliokuwa wakisoma.

Tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekwisha siku chache tu, na watu wengi walikuwa wakirudi kwao baada ya sikukuu. Wengine waliokolewa kwa sababu walishika magodoro yaliyokuwa yakielea. Na hapa kwetu Kongo, Desemba 2024, bwato lilipinduka katika mto Busira. Wengi wa abiria walikuwa wafanya biashara waliokuwa wakirudi nyumbani kwa Noeli.

Sababu yake si vigumu kuijua. Siku za sikukuu kila mtu anataka kufika, na kila mtu ana mzigo. Mwenye bwato anaona fedha nyingi gatini. Baba anawaza, nikikosa bwato hili watoto watakula sikukuu bila mimi. Basi wanaingia wote, na mbuzi, na mifuko ya makala, na masanduku ya bia, na mwisho anaingia mtu mmoja tena akisema kwamba yeye ni mwembamba.

Sasa ujue kwa nini bwato hupinduka. Usikubali kwa kusikia tu, ujaribu mwenyewe nyumbani pamoja na watoto. Chukua beseni la maji na kopo tupu. Tia mawe madogo chini ndani ya kopo, kisha uliweke juu ya maji. Litasimama vizuri, hata ukilisukuma kwa kidole litarudi. Kisha toa mawe yale, weka kibao juu ya mdomo wa kopo, na uyapange mawe juu ya kibao. Mawe ni yale yale, uzito ni ule ule, lakini sasa ukiligusa kidogo tu linalala. Ndivyo ilivyo kwa bwato ambalo mizigo imewekwa juu na watu wamekaa juu ya mizigo. Linaweza kuelea vizuri siku nzima, wakati maji yametulia. Lakini upepo ukija, au watu wakisogea upande mmoja, halina nguvu ya kurudi.

Tena, mimina maji kidogo ndani ya kopo. Utaona yanakimbilia upande ule ule ambao kopo linainamia, na kuliinamisha zaidi. Kwa hiyo maji yaliyo chini ndani ya bwato si jambo la kuchekea. Ukiona nahodha anaondoka na maji yakifika vifundoni mwa watu, na kijana mmoja anayateka kwa kopo, shuka.

Ajali nyingi hutokea wakati watu wanapoona wamekwisha fika. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu sana na gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Iliandikwa wakati ule kwamba abiria walikuwa wamekusanyika upande mmoja, tayari kushuka. Na tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, bwato lililotoka Minova lilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, na watu waliokuwa ukingoni waliona kwa macho yao. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema kwamba watu 278 walikuwamo, na kwamba 78 au zaidi walikufa. Basi ukiona gati, kaa. Ukiona ndugu zako wanakupungia mkono, kaa. Acha bwato lifungwe kamba, kisha washuke mmoja mmoja.

Hapa naomba tusiwahukumu maskini. Watu wa Minova hawakupanda bwato kwa kupenda mchezo. Njia ya kwenda Goma ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita karibu na Sake, na mama mwenye maharagi ya kuuza hakuwa na njia nyingine. Tukisema tu, “msipande mabwato yaliyojaa,” tumesema neno rahisi kwa mtu ambaye hana gari wala barabara. Kwa hiyo tuseme pia yale ambayo hata mtu wa namna hii anaweza kufanya.

La kwanza ni koti la kuelea, ambalo wengi hapa huita jile. Aprili 2019, baada ya ajali nyingine kubwa katika Ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kwamba kila abiria katika ziwa lile avae jile. Agizo ni zuri. Lakini jile lililofungwa katika mfuko juu ya paa la bwato haliokoi mtu. Livae kabla ya kuondoka, funga kamba zake zote, na umwambie mtu alivute juu kwa mabega. Kama linapanda mpaka masikioni, halikukaza. Mtoto avae la mtoto. Katika jile la mkubwa atateleza na kutoka chini. Kama hakuna jile, chukua bidoni tupu ya lita 20, kaza kifuniko chake sana, uifunge kamba ya kushikia, na uiweke karibu nawe. Haifanani na jile, maana ukizimia itakuacha. Lakini mwili wa mtu ndani ya maji hauna uzito mwingi, na bidoni moja yaweza kukiinua kichwa chake juu ya maji. Watu wa vijiji vya ziwani wana bidoni kila nyumba. Afadhali kusafiri na bidoni tupu kuliko kusafiri mikono mitupu.

Mama mwenye mtoto mchanga, usimfunge mgongoni wakati uko ndani ya bwato. Ukianguka katika maji wewe utainua uso wako upate hewa, na yeye uso wake utakuwa chini ya maji, na kitambaa kilicholowa hakifunguki upesi. Mchukue kifuani, mikononi mwako.

Usiingie ndani ya chumba kilichofungwa kama waweza kukaa mahali pa wazi. Meli Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, zaidi ya watu 800 walikufa, na wengi walikuwa ndani. Watu waliokuja kusaidia walisikia wale waliokuwa ndani wakigonga chuma. Walikuwa wakiishi kwa hewa iliyobaki chini ya meli iliyopinduka. Chuma kilipotobolewa ili kuwatoa, hewa ile ikatoka, na meli ikashuka chini. Basi ukiingia katika meli yo yote, kwanza tafuta mlango kwa macho, na hesabu hatua zako kutoka mahali unapolala mpaka mlangoni. Usiku, taa zikizimika, miguu yako itakumbuka.

Na moto. Aprili 2025 bwato kubwa la mbao liliungua mtoni karibu na Mbandaka, baada ya kutoka bandari ya Matankumu. Habari zilisema moto ulianza mahali mwanamke mmoja alipokuwa akipika. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengine kwa moto, wengine kwa kuruka majini bila kujua kuogelea. Pika chakula chako nyumbani, ukifunge, ukile kikiwa baridi. Ugali baridi haujamwua mtu.

Tena, kabla ya kuondoka, mwachie mtu wa nchi kavu majina ya wote mnaosafiri, na jina la bwato. Jambo hili ni dogo, lakini fikiri. Katika Bukoba abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Hata leo hakuna awezaye kusema kwa hakika walikuwa wangapi, na wako watu waliokaa miaka mingi bila kujua kama mtoto wao alikuwamo au la.

Sasa, kama bwato limepinduka. Bwato la mbao kwa kawaida haliendi chini. Linaelea likiwa limepinduka. Lishike. Ukingo wa ziwa huonekana karibu kuliko ulivyo, na waogeleaji wengi hufa njiani wakilifuata jani la kijani wanaloliona. Vua viatu vizito, lakini usivue nguo zote, kwa maana zinazuia baridi kidogo. Lala chali, uso juu, pumua polepole. Mkiwa wengi wenye kuelea, kaeni pamoja, kifua kwa kifua, watoto katikati. Ziwa letu si barafu, hata hivyo maji huchukua joto la mwili upesi, kama mara 25 kuliko hewa. Baada ya saa chache mikono hukosa nguvu ya kushika.

Na wewe uliye ukingoni, ukimwona mtu anazama, usiruke. Najua ni neno gumu. Methali yasema mfa maji hukamata maji, na kweli, atakukamata wewe shingoni, nanyi mtakufa wawili. Mtupie bidoni, kamba, tairi, ubao. Mnyoshee mti mrefu, huku umelala kifudifudi ukingoni. Ukiwa na mtumbwi, mwendee na mtumbwi, na umshikishe nyuma, si ubavuni. Ujue pia kwamba mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hana hewa ya kupigia kelele. Utaona kichwa kimelala nyuma, mdomo kwenye maji, mikono ikisukuma chini kama anapanda ngazi. Baada ya nusu dakika au dakika moja hayuko tena. Kwa hiyo mtoto anayeogelea akinyamaza ghafula, mtazame upesi.

Akitolewa majini, mlaze chali mahali pagumu, na mtu mmoja akimbie kuita mganga. Mwite jina lake, mtikise bega. Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma kidogo, uangalie kifua kwa muda wa sekunde kumi. Akipumua vizuri, mgeuze kwa ubavu ili matapishi yatoke. Kama hapumui, au anavuta pumzi moja moja kama samaki, usingoje. Mtu huyu amekosa hewa, basi dawa yake ya kwanza ni hewa. Ziba pua yake kwa vidole, funika mdomo wake kwa mdomo wako, pulizia mpaka uone kifua kinainuka. Fanya hivyo mara tano. Povu likitoka usipoteze wakati kulifuta, pulizia tu.

Kisha weka kiganja cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyosha viwiko, ukandamize kwa uzito wa mwili wako. Kifua kishuke sentimeta tano, yaani karibu upana wa vidole vitatu, kisha ukiache kirudi juu. Kandamiza mara 30, upesi, karibu mara mbili kila sekunde. Kisha pulizia mara mbili. Kisha 30 tena. Kwa mtoto, kandamiza kwa mkono mmoja, kifua kishuke theluthi ya unene wake. Kwa mtoto mchanga tumia vidole viwili, na mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja, na pumzi iwe ndogo, ile inayojaa shavuni tu. Akitapika, mgeuze kwa ubavu, toa matapishi, mrudishe, endelea. Kazi hii inachosha sana. Mkiwa wawili, pokezaneni kila dakika mbili. Usiache mpaka apumue, au mganga afike, au nguvu zako ziishe kabisa.

Inatupasa kusema juu ya desturi fulani. Katika vijiji vingi mtu aliyezama hushikwa miguu na kutundikwa kichwa chini, au huzungushwa, au hukandamizwa tumbo ili maji yatoke. Wanaofanya hivi wanampenda mtu wao. Lakini maji yanayotoka ni ya tumbo, si ya mapafu, nayo yakipanda kooni huweza kuingia katika mapafu. Na dakika zile tatu za kumtundika ndizo zilizokuwa za kumpulizia. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Wengine husema mamba-mutu amemvuta chini, na ya kuwa haifai kumgusa kabla ya kulipa kitu. Ndugu, wakati wazee wanapojadiliana kuku wa rangi gani, mtoto anakufa. Mpulizie kwanza. Majadiliano yatangoja.

Akipata pumzi, usimrudishe nyumbani kwa shangwe. Mpeleke dispansere au hospitali, hata kama anasema yu mzima. Maji kidogo yaliyoingia katika mapafu yaweza kuleta shida baada ya saa kadhaa: kikohozi kisichokoma, kupumua mbio mbio, midomo kuwa ya buluu, usingizi wa ajabu. Katika siku ile ya kwanza asiachwe peke yake. Vua nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike blanketi, kichwa pia. Chai ya moto yenye sukari ni nzuri kama ameamka kabisa na anameza vizuri. Pombe hapana, inamfanya aone joto huku mwili wake unapoteza joto.

Wasomaji wa kitabu cha Matendo watakumbuka safari ya Paulo iliyoharibika karibu na kisiwa cha Malta. Mara nyingi tunaisoma upesi, lakini mganga anaona mengi mle. Walikuwa watu 276. Walitupa mizigo baharini ili meli iwe nyepesi, hata ngano. Walikula chakula kabla ya kuingia majini. Wenye kujua kuogelea walitangulia, na wengine walifuata juu ya mbao na vipande vya meli. Wote walifika pwani. Na wenyeji waliwawashia moto, kwa sababu ya mvua na baridi. Hayo yote twaweza kuyafanya Minova, Kalemie, au Uvira.

Neno moja kwa wanaolala ukingoni mwa Ziwa Kivu wakingoja bwato la asubuhi, upande wa Goma na Sake. Msilale katika mashimo na mabonde madogo ya mawe ya volkano. Huko hukaa hewa mbaya ambayo wenyeji huiita mazuku. Haionekani, tena ni nzito kuliko hewa yetu, kwa hiyo inatulia chini kama maji katika bakuli. Mbuzi hufa humo, na watoto, na watu wazima waliolala. Ukimwona mtu ameanguka mle, usimfuate kwa kuinama. Utaanguka juu yake. Mvuteni kwa kamba au kwa ndoana ndefu.

Tena, baada ya ajali watu huogopa kwamba miili ya wafu italeta magonjwa mjini, na kwa hofu hii huwazika haraka, wote pamoja, bila majina. Si lazima. Mtu aliyekufa maji hana ugonjwa mpya ndani yake kwa sababu ya kuzama. Wanaobeba miili wavae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na wanawe kwa sabuni. Miili ipewe namba, nguo na shanga zake ziandikwe, ili jamaa waje kuwatambua. Maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywa, lakini hiyo ni kwa sababu ya kipindupindu, nayo ni desturi ya kushika kila siku.

Waliookoka nao ni wagonjwa, ingawa hawana jeraha. Mmoja hawezi kulala. Mwingine anasikia kelele za watu kila anapofunga macho. Mwingine alimwachilia mtoto wake mkononi kwa kukosa nguvu, na hasemi na mtu. Usimwulize, “Kwa nini hukumshika?” Keti naye. Mletee chakula. Asipokula wala kulala kwa majuma kadhaa, mlete hospitalini kama unavyomleta mwenye homa.

MAULIZO

Kwa nini mawe yale yale hupindua kopo yakiwa juu, na hayalipindui yakiwa chini?

Mtoto ametolewa majini, hapumui, na babu yake anataka kumtundika miguu. Utamwambia babu maneno gani, kwa heshima, na mikono yako itafanya nini wakati unaposema?

Bwato litaondoka saa kumi na moja alfajiri. Andika majina ya watu wa nyumba yako watakaosafiri. Utamwachia nani karatasi hiyo?

Katika kijiji chako, kamba ndefu iko nyumbani kwa nani, na usiku mtaipataje?